Kusakinisha Moodle kwenye seva yako: vitu vitatu, makazi matatu

Nimesakinisha Moodle, programu ya kuendeshea kozi mtandaoni, mara nyingi kiasi kwamba vidole vyangu vinazijua amri kuliko kichwa. Lakini ya kwanza iliniaibisha. Usakinishaji wenyewe ulikwenda vizuri, walimu wakapakia vitini vyao, wanafunzi wakaingia. Miezi kadhaa baadaye tukahamia seva nyingine. Nikachukua nakala ya hifadhidata, nikairudisha upande wa pili, nikafungua tovuti: kozi zote zipo, majina yapo, alama zipo. Nikafurahi, nikaifuta seva ya zamani siku ileile.

Kesho yake asubuhi mwalimu mmoja mtu mzima akanipigia simu. "Kijana wangu, mbona vitini havifunguki?" Nikabofya kimoja, kikagoma. Cha pili, kikagoma. Kijasho chembamba kikanitoka. Vitini havikuwa kwenye hifadhidata. Havikuwahi kuwa humo hata siku moja.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na amri. Unaanza na jambo ambalo laiti ningeambiwa siku ile: Moodle si kitu kimoja, ni vitu vitatu, na kila kimoja kina makazi yake.

Cha kwanza ni msimbo. (Wenzangu wengi husema "kodi", lakini mimi kodi namlipa mwenye nyumba.) Huu ni maelfu ya mafaili ya PHP (lugha ya programu iliyotumika kuiandika Moodle) yanayofanana kwenye kila seva ya Moodle duniani. Ukiupoteza, unaupakua tena, hakuna msiba. Cha pili ni hifadhidata: watumiaji, alama, maswali ya mitihani, mijadala. Cha tatu ni folda ya data, ambayo kwa desturi huitwa moodledata, na humo ndimo yanamokaa mafaili yote yaliyopakiwa.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo nilipoangukia. Moodle ikipokea faili lililoitwa "Kitini cha wiki ya 3.pdf", hailiweki kwa jina hilo. Inapiga hesabu ya SHA-1 ya yaliyomo ndani, inapata mfuatano wa herufi na tarakimu 40, na mfuatano huo ndio unaokuwa jina la faili ndani ya moodledata/filedir. Jina la kibinadamu, pamoja na kozi ambayo faili ni mali yake, vinabaki kwenye jedwali la mdl_files katika hifadhidata. Maana yake, ukiwa na moodledata peke yake una gunia la funguo zisizo na vibandiko. Ukiwa na hifadhidata peke yake una vibandiko bila funguo. Mimi siku ile nilikuwa na vibandiko.

Kila hatua inayofuata hapa chini ni kuvipa vitu hivyo vitatu makazi na kuhakikisha kila kimoja kinaguswa na anayestahili tu.

Matoleo kwanza

Moodle ilianzishwa na Martin Dougiamas, toleo la 1.0 likatoka mwaka 2002, na leseni yake ni GPL, kwa hiyo hudaiwi na mtu. Mimi hapa natumia Moodle 4.5 juu ya Debian 12, mfumo endeshi wa aina ya Linux. Toleo la 4.5 lilitoka Oktoba 2024 na ni la kudumu muda mrefu: marekebisho ya usalama yanaendelea hadi 2027. Debian 12 inakuja na PHP 8.2 na MariaDB 10.11 (programu ya hifadhidata), na zote mbili zinakubalika na 4.5 bila kubembelezana.

Usichanganye ovyo. Debian 13 ina PHP 8.4, na Moodle 4.5 inaishia PHP 8.3. Ukiwa na Debian 13, chukua Moodle mpya zaidi, lakini ujue kuwa kuanzia 5.1 mpangilio wa folda umebadilika: kuna folda ya ndani inayoitwa public, na Apache (programu inayohudumia kurasa za tovuti) inaelekezwa humo badala ya folda kuu. Nimeona watu wakifuata mwongozo wa toleo moja kwa kusakinisha toleo lingine, halafu wanailaumu Apache.

Kuhusu mashine, kwa darasa moja au mawili RAM ya GB 2 inatosha kuanzia. Ukiwa na GB 1 tu, tengeneza faili la swap (sehemu ya diski inayoisaidia RAM) kabla ya jambo lolote, la sivyo kumbukumbu ikijaa Linux itachagua mtu wa kumtoa kafara, na mara nyingi anayechaguliwa ni MariaDB.

Na domeini. Ipate na uielekeze kwenye seva sasa hivi, kabla ya kusakinisha. Moodle huandika anwani yake kwenye mipangilio, na viungo ambavyo walimu watabandika ndani ya masomo vitaibeba anwani hiyohiyo. Ukianza na namba ya IP kwa ahadi ya "domeini nitaiweka baadaye", utakuja kutafuta na kubadilisha anwani ndani ya hifadhidata nzima. Kifaa cha kufanya hivyo kipo, ila mimi nimekitumia mara moja na sikulala. Hapa nitatumia masomo.example.org, wewe weka yako.

Kutayarisha seva

```
sudo apt update && sudo apt full-upgrade
sudo apt install apache2 mariadb-server git ufw certbot python3-certbot-apache
sudo apt install php libapache2-mod-php php-cli php-mysql php-xml php-mbstring php-curl php-zip php-gd php-intl php-soap
sudo ufw allow 22/tcp
sudo ufw allow 80,443/tcp
sudo ufw enable
```

Mstari wenye 22, yaani mlango wa SSH unaouingilia seva ukiwa mbali, utangulie ule wa enable. Ukiugeuza mpangilio umejifungia nje ya nyumba yako mwenyewe.

Mipangilio ya PHP

Hapa kuna mtego ulionila muda mrefu kuliko yote. PHP kwenye Debian ina mafaili mawili ya php.ini: moja la Apache, moja la amri za terminali. Moodle inataka max_input_vars iwe angalau 5000, wakati chaguo-msingi ni 1000. Unafungua faili, unabadilisha, unawasha upya, unajaribu tena, Moodle inalalamika vilevile. Kumbe umebadilisha la Apache na kisakinishi unakiendesha terminali.

Dawa yangu ni kutoyagusa yote mawili. Ninaunda faili jipya, /etc/php/8.2/mods-available/moodle.ini, lenye haya:

```
; priority=90
max_input_vars = 5000
upload_max_filesize = 100M
post_max_size = 110M
```

Kisha:

```
sudo phpenmod moodle
sudo systemctl restart apache2
php -i | grep max_input_vars
```

Amri ya phpenmod inaliunganisha faili hilo pande zote mbili kwa mpigo, na kwa kuwa linasomwa baada ya php.ini, neno lake ndilo la mwisho. Wala usidhani 5000 ni ushamba wa waandishi wa Moodle. Ukurasa wa alama wa darasa kubwa hutuma visanduku maelfu kwa pamoja, na PHP ikifika kikomo chake inavikata vilivyozidi. Mwalimu anaweza kuingiza alama za darasa zima na nusu yake isifike.

Hifadhidata

```
sudo mariadb
```

Kwenye Debian hilo linatosha, huhitaji nywila ya root. Ukiwa ndani:

```
CREATE DATABASE moodle DEFAULT CHARACTER SET utf8mb4 COLLATE utf8mb4_unicode_ci;
CREATE USER 'moodle'@'localhost' IDENTIFIED BY 'weka-nywila-ndefu-hapa';
GRANT SELECT, INSERT, UPDATE, DELETE, CREATE, CREATE TEMPORARY TABLES, DROP, INDEX, ALTER ON moodle.* TO 'moodle'@'localhost';
EXIT
```

Ni utf8mb4, si utf8 kavu. Ile ya zamani inaishia baiti tatu kwa kila herufi, na vikaragosi ambavyo wanafunzi hawawezi kuandika sentensi bila hivyo vinahitaji nne.

Msimbo na folda ya data

```
cd /var/www
sudo git clone --depth 1 -b MOODLE_405_STABLE https://github.com/moodle/moodle.git
sudo mkdir /var/moodledata
sudo chown www-data:www-data /var/moodledata
sudo chmod 2770 /var/moodledata
```

Angalia umiliki. Msimbo ni wa root (mtumiaji mkuu wa seva), kwa hiyo Apache, ambayo hapa inaitwa www-data, inausoma tu. Mtu akipata upenyo kwenye tovuti hawezi kuubadilisha. Folda ya data ni ya www-data, kwa sababu humo ndimo inamopaswa kuandika. Na folda hiyo iko nje ya /var/www, makusudi. Ukiiweka ndani ya folda ambayo Apache inaihudumia, mtu mwenye kivinjari anaweza kuchukua mafaili bila kupita kwenye mlango wa Moodle, ambao ndio unaouliza jina na nywila. Miongozo inayosema chmod 777 ifunge.

Kwa nini git (kifaa cha kupakua msimbo na kufuatilia mabadiliko yake) na si faili la zip? Kwa sababu ya siku ya kusasisha. Utaona.

Apache na cheti

Unda /etc/apache2/sites-available/moodle.conf:

```
<VirtualHost *:80>
    ServerName masomo.example.org
    DocumentRoot /var/www/moodle
    <Directory /var/www/moodle>
        AllowOverride None
        Require all granted
    </Directory>
</VirtualHost>
```

```
sudo a2ensite moodle
sudo a2dissite 000-default
sudo systemctl reload apache2
sudo certbot --apache -d masomo.example.org
```

Vyeti vya Let's Encrypt ni vya bure na muda wake ni mfupi, lakini Debian inavihuisha yenyewe. Hakikisha kwa `sudo certbot renew --dry-run`, kisha usahau.

Ukifika hapa usiende kulala. Tovuti iko hewani bila config.php (faili la mipangilio ya Moodle), na yeyote atakayeifungua atakutana na ukurasa wa kusakinisha. Malizia leo.

Kisakinishi

Kuna njia ya kivinjari na njia ya terminali. Mimi ni wa terminali, kwa sababu jambo likienda kombo naliona kwa macho. Kisakinishi kitaandika config.php ndani ya folda ya msimbo, kwa hiyo www-data anaazimwa funguo za folda hiyo kwa dakika chache, kisha ananyang'anywa:

```
cd /var/www/moodle
sudo chown www-data /var/www/moodle
sudo -u www-data php admin/cli/install.php
sudo chown root /var/www/moodle
sudo chown root:www-data config.php
sudo chmod 640 config.php
```

Maswali mengi yanajijibu. Matatu yanahitaji utulivu. Ukiulizwa ruhusa za folda za data, andika 2770 badala ya 2777 inayopendekezwa. Ukiulizwa anwani ya tovuti, andika https://masomo.example.org yenye "s" na bila mkwaju mwishoni. Ukiulizwa aina ya hifadhidata, andika mariadb. Usichague mysqli kwa kudhani ni ndugu. Ni ndugu kweli, ila walishagawana urithi, na Moodle itakataa kuendelea hadi urekebishe dbtype kwenye config.php.

Nywila ya msimamizi iandike kisakinishi kinapoiuliza. Zipo namna za kuipachika kwenye amri yenyewe, lakini hapo inabaki kwenye historia ya terminali, ikimsubiri yeyote atakayebonyeza mshale wa juu.

Majedwali yataanza kupita kwenye skrini. Kiache kisakinishi kimalize. Fungua kivinjari, ingia.

Cron, mtu asiyeonekana

Wengi wanaishia hapo juu, wanasherehekea, na baada ya wiki wanauliza kwa nini barua pepe za mijadala hazitoki. Moodle peke yake haifanyi jambo mpaka mtu abofye. Kazi za nyuma ya pazia, kutuma taarifa, kufuta takataka, kukamilisha kozi, zinahitaji kugutushwa kila dakika, na anayezigutusha ni cron, programu ya Linux inayoendesha amri kwa ratiba:

```
sudo crontab -u www-data -e
```

Ongeza mstari huu:

```
* * * * * /usr/bin/php /var/www/moodle/admin/cli/cron.php >/dev/null
```

Ona vizuri `-u www-data`. Amri zote za Moodle ziendeshwe kwa jina la www-data, kamwe si root. Siku moja nilikuwa na haraka, nikasafisha kashe kwa root. Amri ilifanikiwa. Dakika moja baadaye tovuti yote ikawa ukurasa mweupe unaolalamikia ruhusa za kuunda folda, kwa sababu root alikuwa ameunda folda zake ndani ya moodledata na www-data hawezi kuzigusa. Ikikutokea:

```
sudo chown -R www-data:www-data /var/moodledata
```

Barua pepe zenyewe zipitishe kwenye huduma ya SMTP yenye jina na nywila, kwa kawaida mlango wa 587. Kampuni nyingi za kukodisha seva huufunga mlango wa 25 ili kuzuia barua taka, na hata ukiwa wazi, barua inayotoka kwenye seva ngeni huishia kwenye folda ya taka ya mpokeaji.

Nakala rudufu

Hii ndiyo sehemu niliyoilipia ada. Hati yangu, /usr/local/sbin/nakala-moodle, ni fupi:

```
#!/bin/bash
set -euo pipefail
LEO=$(date +%F)
HIFADHI=/var/nakala
mkdir -p -m 700 "$HIFADHI"
mariadb-dump --single-transaction moodle | gzip > "$HIFADHI/db-$LEO.sql.gz"
tar -C /var --exclude=moodledata/cache --exclude=moodledata/localcache \
    --exclude=moodledata/temp --exclude=moodledata/sessions \
    -czf "$HIFADHI/data-$LEO.tar.gz" moodledata
cp /var/www/moodle/config.php "$HIFADHI/config-$LEO.php"
```

Ipe ruhusa ya kuendeshwa, iweke kwenye cron ya root, usiku wa manane. Hapa root anafaa, kwa sababu anasoma tu, haandiki chochote ndani ya moodledata.

Mpangilio wake si wa bahati: hifadhidata kwanza, folda ya data baadaye. Mwanafunzi akipakia kazi katikati ya shughuli, nakala itakuwa na faili ambalo hifadhidata hailijui, na hilo halina madhara. Ukianza na folda, utapata hifadhidata inayojua faili ambalo halipo, yaani kibandiko bila ufunguo. Kuhusu faili linalofutwa wakati huohuo, Moodle hulisogeza kwanza kwenye trashdir, ndiyo maana sikuiweka trashdir kwenye orodha ya vinavyoachwa.

Kisha nakala hizo zihamie mashine nyingine. Nakala iliyo kwenye diski ileile inakufa na diski ileile.

Kusasisha

Chukua nakala, halafu:

```
cd /var/www/moodle
sudo -u www-data php admin/cli/maintenance.php --enable
sudo git pull
sudo -u www-data php admin/cli/upgrade.php --non-interactive
sudo -u www-data php admin/cli/maintenance.php --disable
```

Ndiyo sababu ya git. Dakika mbili, na kilichobadilika ni msimbo na majedwali tu. Moodledata imekaa kwake imetulia.

Kuirudisha, kabla hujalazimika

Tafuta mashine ya pili, hata ile kompyuta kuukuu iliyo chini ya meza. Sakinisha programu zilezile na faili lilelile la moodle.ini, unda hifadhidata tupu na mtumiaji wake kwa nywila ileile, kisha:

```
zcat db-*.sql.gz | sudo mariadb moodle
sudo tar -C /var -xzpf data-*.tar.gz
```

Pakua msimbo wa tawi lilelile, nakili config.php mahali pake ukiirudishia umiliki na ruhusa kama mwanzo, na ubadilishe wwwroot iwe anwani ya mashine hii ya majaribio. Kabla hujafungua kivinjari, weka mstari huu kwenye config.php, juu ya ule unaoita lib/setup.php:

```
$CFG->noemailever = true;
```

Bila mstari huo nakala yako inajiona ndiyo tovuti halisi. Ukiiwashia cron itaanza kuwaandikia wanafunzi wote barua za mijadala, na wewe ndiye utakayepigiwa simu.

Ingia kwa akaunti yako. Usiridhike kuona orodha ya kozi, maana hata mimi siku ile niliiona. Nenda kwenye kozi yenye vitini vingi, chagua PDF moja ya zamani, ibofye, uisome mpaka ukurasa wa mwisho.